Bastola Nyepesi ya Shabaha ya .22 Isiyotengenezwa Tena: Kuinunua, na Kuitibu Inapogoma

Bastola ya shabaha ya .22 (kipenyo cha risasi, takriban inchi 0.22) yenye fremu ya alumini ina raha yake. Haichoshi mkono, teke lake ni dogo, na kosa la mpigaji linaonekana wazi kwenye karatasi bila kufichwa na kishindo. Ila nyingi kati ya zile nzuri hazitoki tena viwandani. Colt Woodsman, ambayo ni ya chuma lakini nyembamba na nyepesi mkononi, ilitengenezwa tangu 1915 hadi 1977. Kiwanda cha High Standard cha Connecticut kilifungwa 1984. Smith & Wesson 422, iliyotoka 1987 ikiwa na fremu ya alumini, nayo haitengenezwi tena. Anayezitaka leo ananunua kwa mtu aliyeitumia, pengine iliyorithiwa, pengine iliyokaa kabatini miaka ishirini na mafuta yamegeuka gundi.

Malalamiko ya wenye bastola hizi hayatofautiani sana. Imelia "tik" na risasi haikutoka. Ganda la risasi limebanwa dirishani, pale linapotokea. Matundu yanatawanyika. Wengi wanakimbilia kulaumu chuma, wanatafuta springi mpya, wanashika tupa. Mimi nimeshafika mahali pa kuamini mpangilio mmoja tu: kwanza risasi, pili magazini, tatu uchafu, nne springi, na chuma chenyewe kiwe cha mwisho kabisa. Kipuri cha bastola isiyotengenezwa tena hakipatikani kwa urahisi, na chuma kilichopigwa tupa hakirudi.

Kabla ya ukaguzi wowote hapa chini: toa magazini, vuta slaidi nyuma, tazama chemba (tundu inapokaa risasi, nyuma ya mtutu) kwa jicho na uiguse kwa kidole. Ifanye kila mara unapoishika upya, hata kama uliiweka chini dakika moja iliyopita. Mtutu uelekee mahali salama, kidole kikae nje ya triga.

Ukiwa bado unaikagua kwa muuzaji

Sheria ya silaha ya nchi yako inatangulia pesa. Kibali, usajili na namna ya kuhamisha umiliki vijulikane kabla hujatoa hata malipo ya awali.

Kisha soma maandishi ya mtutuni. Mashindano ya upigaji wa kasi wa mita 25 yalitumia .22 Short (risasi fupi, dhaifu kuliko .22 LR ambayo ndiyo ya kawaida) kwa miaka mingi, hadi kanuni zilipobadilishwa baada ya Olimpiki ya Athens ya 2004. Ndiyo maana bastola nzuri za .22 Short zinauzwa mitumba. Walther OSP ni ya .22 Short; ndugu yake GSP ni ya .22 LR, na kwa mbali zinafanana. High Standard Olympic ya .22 Short ilikuwa na slaidi ya alumini kwa sababu risasi ile ni dhaifu. Ukinunua ukidhani ni .22 LR, umenunua bastola ambayo risasi zake utazitafuta kwa tochi.

Kwa Woodsman, tazama mgongo wa mpini, pale panapokaa springi kuu. Zile za kabla ya takriban 1932 zilikusudiwa risasi za kasi ya kawaida tu, na kipande hicho cha mgongoni kina miraba midogomidogo. Zilizokuja baadaye, zenye kuhimili kasi ya juu, zina mistari iliyonyooka ya mlalo. Kipande chenyewe kinaweza kubadilishwa, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

Swali linalofuata: magazini ngapi? Bastola yenye magazini tatu za asili ni afadhali kuliko inayong'aa lakini ina moja. Bastola yangu ya kwanza ya aina hii ilikuja na magazini moja. Ilikuwa inakwama kila baada ya risasi mbili tatu. Nilisafisha, nikabadilisha springi ya slaidi, nikabadilisha aina ya risasi, wiki zikapita. Siku mwenzangu wa uwanjani aliponiazima magazini yake, ilipiga risasi hamsini bila kusita. Midomo ya ile yangu ilikuwa imefunguka kidogo sana, kiasi cha unene wa karatasi mbili, na jicho halikuona chochote mpaka tulipoziweka ubavu kwa ubavu.

Mengine ya kutazama hapo mezani:

- Mulika chemba. Bastola nyingi za .22 zikifyatuliwa tupu, pini ya kufyatulia hugonga ukingo wa chemba na kuacha kidonda kidogo. Pitisha kijiti cha pamba. Kikinasa nyuzi mahali pamoja, kidonda kipo.
- Tazama ndani ya mtutu dhidi ya mwanga. Kivuli kama pete katikati ya njia ni dalili ya mtutu uliovimba baada ya risasi kupigwa nyuma ya nyingine iliyokwama. Usinunue.
- Fremu ya alumini ikaguliwe kwa kioo cha kukuzia pale slaidi inapogota na kuzunguka matundu ya skrubu. Ufa unaanza kama unywele mweusi.
- Kwa ruhusa ya mwenyewe, na risasi ya bandia ikiwa chembani: kokesha (tayarisha nyundo ipige), weka sefti (kizuizi cha usalama), vuta triga, achia, kisha ondoa sefti. Nyundo ikianguka wakati wowote katika mlolongo huo kabla hujavuta triga upya, ondoka au punguza bei ukijua fundi anakusubiri.

"Imelia tik, risasi haikutoka"

Usifungue haraka. Shikilia mtutu uelekee kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 nzima, kwa sababu fataki (kiwashio kilicho ndani ya risasi) inaweza kuchelewa kuwaka. Ndipo utoe magazini, utoe ile risasi, na uitazame kitako.

Hapa ndipo penye jibu, kwa hiyo chukua muda. Katika .22 fataki haipo katikati ya kitako. Imesambazwa ndani ya ukingo, kuzunguka, na pini hufanya kazi kwa kuuponda ukingo huo dhidi ya mdomo wa chemba. Alama iliyoachwa na pini inasimulia kilichotokea.

Alama ikiwa ya kina, yenye kingo safi, kosa ni la risasi. Mahali pale palipopigwa fataki haikufika. Igeuze kidogo ili papigwe pengine, ijaribu mara moja. Ikigoma tena, itie kwenye chombo cha risasi mbovu cha uwanja, usiitie mfukoni. Zikigoma kadhaa katika boksi moja, badilisha boksi kabla hujagusa bastola.

Alama ikiwa hafifu, sababu kubwa ni risasi kutokukaa mpaka mwisho wa chemba. Sehemu ya nguvu ya pini imetumika kuisukuma mbele, na kilichobaki hakikutosha kuponda. Utaijua kwa hili: ukiirudisha ile ile na kuhakikisha slaidi imefunga sawasawa, inalia bila shida. Tiba yake ni brashi. Risasi za .22 zimepakwa nta au mafuta, na nta hiyo pamoja na masizi hujenga utando mgumu chembani ambao kitambaa tu hakiung'oi. Brashi ya shaba, kiyeyusho cha kawaida cha bunduki, subiri, sugua tena.

Baada ya hapo ni njia ya pini. Mafuta ya miaka mingi hugeuka kama asali iliyoganda, pini ikaogelea badala ya kuruka. Isafishe na uiache karibu kavu. Halafu springi ya nyundo iliyochoka, halafu ncha ya pini iliyopondeka. Hizi mbili ni za fundi, hasa ya mwisho. Wapo wanaochonga pini mpya ndefu kidogo ili ipige kwa nguvu. Usikubali. Pini ndefu inafika kwenye ukingo wa chemba, na chemba ikishaharibika umepoteza mtutu.

Kama hakuna alama kabisa, angalia kwanza kama slaidi ilifunga na sefti haikujirudisha. Vyote viwili vikiwa sawa, pini imevunjika. Kwa fundi.

"Risasi haiingii, inapanda juu au inagonga chini"

Magazini. Nasema hivyo kabla sijaiona bastola yako.

Jaza tena ukitazama. Kwa kuwa risasi ya .22 ina ukingo unaojitokeza, kila ya juu ukingo wake ukae mbele ya ule wa chini yake. Ukikaa nyuma, ya juu inapojaribu kwenda mbele inamburura mwenzake na zote zinanasa. Kosa hili huletwa na kidole: unavuta kitufe cha magazini chini sana, nafasi inakuwa kubwa, risasi inaanguka na kujilaza ovyo. Shusha kitufe kidogokidogo, kiasi cha risasi moja kwa moja.

Kisha ifungue, ioshe, ikauke kabisa, na usiipake mafuta ndani. Mafuta hukusanya masizi. Bonyeza risasi za juu kwa kidole: zirudi juu haraka. Zikipanda kwa uvivu, springi imechoka au kuna mbonyeo ubavuni.

Ijaribu magazini ya pili, hata ya kuazima. Zitie alama kwa kalamu, moja na mbili, uandike ipi imekwama lini. Baada ya siku moja ya uwanja hutahitaji kubahatisha. Midomo iliyofunguka au kufinyika inaweza kurekebishwa, lakini kama ni magazini pekee uliyo nayo, mpe fundi mwenye nyingine ya kulinganishia. Koleo la nyumbani limeua magazini nyingi nzuri.

Zote mbili zikikwama kwa namna ile ile, itoe iliyokwama uitazame kichwa. Kikiwa kimechongwa upande mmoja, na madini yamekatwa kama kucha, kinakwaruza kwenye ukingo wa chemba. Pengine ni kile kidonda cha kufyatua tupu kilichosukuma chuma ndani. Kuna chombo maalumu cha kukirudisha chuma kile mahali pake bila kukiondoa, na fundi anacho au anajua pa kukipata.

"Ganda halitoki"

Tenganisha mambo mawili. Ganda lililobanwa dirishani limetoka chembani likakosa nguvu ya kuruka. Ganda lililobaki chembani ni shida nyingine.

Bastola hizi nyingi hazifungi slaidi kwa kufuli. Kinachoizuia ni uzito wake na springi tu, na ganda lenyewe, likisukumwa nyuma na gesi, ndilo linaloisukuma. Risasi ikiwa dhaifu mno, slaidi inarudi nusu njia na kulibana ganda inapofunga. Kwa hiyo jaribu aina nyingine ya risasi kwanza. Kasi ya kawaida kwa kichwa cha gramu 2.6 ni karibu mita 330 kwa sekunde, na bastola nyingi za shabaha zimesetiwa kwa hiyo. Pili ni uchafu au mafuta mazito relini. Tatu ni mkono: bastola nyepesi inayoshikwa kwa ulegevu inarudi nyuma pamoja na slaidi, mwendo unapotea. Mwombe mpigaji mwingine aijaribu. Nne ni ndoano ya kuvutia ganda. Chimba kwa kijiti cha meno chini ya ukucha wake, utashangaa kinachotoka. Mwisho, uliza kama mwenye kwanza aliweka springi kali kuliko ya asili.

Ganda likibaki chembani, fikiria hivi: kwa mfumo huu ganda hujisukuma lenyewe kutoka hata ndoano ikiwa mbovu. Likigoma, basi limeshikwa. Chemba ni chafu au ina kidonda. Usilichokoe kwa kisu. Hakikisha ni tupu, kisha lisukume kwa ufito wa shaba au wa mbao kutokea mdomo wa mtutu. Kama iliyonasa ni risasi nzima haijalia, usiingize ufito. Mwite msimamizi wa uwanja.

"Imelia kidogo, kama kikohozi"

Acha. Usivute slaidi ukaendelea, hata kama uko katikati ya mashindano. Kichwa huenda kimekwama mtutuni, na ukipiga kingine nyuma yake unaupasua. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, pitisha ufito. Ukigota, kazi ya leo imekwisha na bastola inakwenda kwa fundi.

"Imepiga mbili kwa kuvuta mara moja"

Acha hapohapo. Ni hatari, na katika nchi nyingi silaha inayofanya hivyo ina kesi yake. Unachoruhusiwa kufanya mwenyewe ni kusafisha tu, maana uchafu unaweza kulizuia jino la triga lisirudi. Lakini hata ikionekana imepona, fundi aikague kabla haijatiwa risasi tena. Chanzo kinachojulikana sana ni mwenye kwanza aliyetaka triga laini akalichonga lile jino. Kama unataka kushindana, kanuni za ISSF (shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha) kwa bastola ya mita 25 zinadai triga ibebe gramu 1000 bila kuachia. Pima kwa uzani halisi, si kwa kidole.

"Matundu yanatawanyika"

Bastola nyepesi haisamehi. Kanuni zile zile zinaruhusu bastola ya mita 25 kufika gramu 1400. Ya alumini inaweza kuwa nusu ya hapo. Ukivuta triga kwa kiherehere, uzito wa triga unakaribia au kuzidi uzito wa bastola yenyewe, na mdomo unahama. Kwa hiyo sababu ya kwanza ni sisi wapigaji. Itegemeze kwenye mfuko wa mchanga, piga tano tano. Zikikusanyika, bastola ni nzima na mazoezi ndiyo yanayodaiwa. Fanya ya kufyatua bila risasi, ukiwa na risasi ya bandia chembani, na sarafu imelala juu ya kilengeo cha mbele isianguke.

Zisipokusanyika, shika kilengeo cha nyuma uitikise. Umbali kati ya vilengeo ukiwa milimita 160, kilengeo kikicheza nusu milimita tundu linahama karibu milimita 78 kwenye mita 25. Kumi (duara la katikati lenye pointi kumi) ya shabaha ya usahihi ina kipenyo cha milimita 50. Ulegevu ambao hata huusikii kwa kucha unakutoa nje ya kumi kabisa. Skrubu zikazwe kwa kiasi na gundi ya kushikiza ya aina inayofunguka, kwa sababu uzi wa skrubu ndani ya alumini unachunika upesi.

Halafu angalia kinachoshikilia mtutu kwenye fremu, hasa kama bastola yako inafunguka bila zana nyingi. Halafu jaribu aina nne tano za risasi, tano tano mara kadhaa kwa kila aina, mitutu ya .22 ina mapenzi yake na hayatabiriki kwa bei. Ukibadilisha aina, usihukumu kwa risasi za mwanzo, ule upako wa zamani bado umo mtutuni. Mwisho tazama mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Mkwaruzo ukingoni unaweza kusawazishwa na fundi, na unatokana mara nyingi na ufito wa chuma ulioingizwa vibaya kila Jumamosi.

Baada ya kusugua madini ya risasi mtutuni, nawa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto. Madini hayo ni sumu.

"Imeanza kupiga kwa ukali, na slaidi inagonga"

Ama unatumia risasi za kasi ya juu, zinazofika karibu mita 380 kwa sekunde, ama springi ya slaidi imechoka, ama bafa (kipande cha kupokea pigo la slaidi) imekwisha. Smith & Wesson 22A, kwa mfano, ina bafa ya plastiki inayopokea slaidi. Inapasuka kwa matumizi, na ikikosekana chuma kinakula alumini. Ikague kila unaposafisha. Ikianza kumeguka ibadilishe, na ukiipata dukani nunua tatu. Rudi kwenye risasi za kasi ya kawaida na uweke springi ya kipimo cha asili.

Kisha futa fremu kwa kiyeyusho, iache ikauke, uitazame chini ya taa kali. Paka mafuta mepesi, pangusa, subiri dakika chache. Ufa utajichora wenyewe mafuta yakijipenyeza nje. Ukiuona, hata wa milimita mbili, usipige tena hata risasi moja ya majaribio. Alumini ya fremu haichomelewi ikarudi ilivyokuwa. Mwombe fundi athibitishe, kisha ukitii sheria ya kwenu tenga magazini, springi, vilengeo na triga. Kuna mtu ana fremu nzima na magazini moja mbovu.